Wito na Usafiri: Historia ya Huduma ya Dharura Dodoma na Nyanda za Kati

Mtu akizidiwa usiku kijijini, maswali huwa matatu: nani apewe habari, nani aje kumchukua, na nani alipe. Historia ya Dodoma na nyanda za kati imezoeleka kusimuliwa kwa njaa, kwa reli na kwa makao makuu ya nchi. Inaweza kusimuliwa pia kwa maswali haya matatu, na ikisimuliwa hivyo inafichua jambo ambalo simulizi nyingine hulipita. Kwa zaidi ya miaka mia moja vyombo vya kupelekea habari viliingia Ugogo, nchi ya Wagogo, kimoja baada ya kingine, lakini mwanamke mwenye uchungu pingamizi aliendelea kubebwa kwa kitanda cha kamba. Habari ilikwenda njia yake na usafiri ukaenda njia yake. Vilikutanishwa majuzi tu, na kilichovikutanisha ni simu ya mkononi pamoja na mhudumu wa afya anayekesha karibu nayo.

Tatizo linaanzia kwenye ardhi yenyewe. Mkoa wa Dodoma una kilomita za mraba 41,311. Sensa ya 2022 ilihesabu humo watu 3,085,625, na kati yao 765,179 ndio walioishi ndani ya Jiji. Waliobaki, zaidi ya milioni mbili na laki tatu, wametawanyika Bahi, Chamwino, Chemba, Kondoa, Kongwa na Mpwapwa, wengine kwenye tambarare za miiba na mibuyu, wengine kwenye mabonde ya milima ya Rubeho upande wa Kibakwe. Mito mingi ni ya mchanga. Sehemu kubwa ya mwaka hupitiwa kwa miguu. Kisha mvua inanyesha milimani mbali, na korongo lililokuwa kavu asubuhi linajaa maji mekundu yasiyovukika jioni. Gari lililofika kijijini Agosti kwa saa moja huenda lisifike kabisa Februari.

Kabla ya waya na injini, chombo cha dharura kilikuwa yowe. Tembe za Wagogo zilijengwa mbalimbali ili kila kaya ipate nafasi ya shamba na malisho, na sauti ya usiku ilirukia kaya moja hadi nyingine. Simba zizini, wezi wa ng'ombe, moto: yowe likipigwa watu walitoka, na aliyelisikia akabaki ndani alikuwa na maneno ya kujibu kesho yake. Utaratibu huo ulikuwa na nguvu kwa sababu aliyeitwa na aliyekuja kusaidia walikuwa watu wa mahali pamoja. Udhaifu wake ulikuwa umbali. Yowe halivuki kilima, na ugonjwa unaohitaji mtaalamu aliye mbali hauponi kwa wingi wa majirani. Mkunga wa jadi alipoona mtoto amekaa vibaya, alichoweza kufanya kilikwisha. Wanaume wanne waliinua kitanda, wengine wanne wakafuata nyuma wa kuwapokea, na safari ikaanza pasipo uhakika kwamba mwisho wake kuna msaada.

Njia kuu ya misafara ilipita hapa katika karne ya 19, kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, na mapagazi waliijua Marenga Mkali, nyika isiyo na maji kati ya Mpwapwa na Ugogo, kuwa mahali ambapo mgonjwa hakuwa na wa kumsubiri. Wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana, walifika Mpwapwa mwaka 1876 na baadaye wakaweka vituo sehemu nyingine, Mvumi ikiwa mojawapo. Tiba ilianza kupatikana, kwa yule aliyeweza kuifikia.

Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, ikaendelea Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kandokando yake ulitandazwa waya. Kwa mara ya kwanza habari iliweza kutoka katikati ya nchi hadi pwani kwa dakika badala ya wiki. Lakini waya ule ulikuwa wa reli, wa serikali na wa jeshi. Ulibeba maagizo. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, majeshi ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo kutoka Ugogo, mvua nazo zikakosa. Njaa iliyofuata, ambayo Wagogo wanaiita Mtunya, inakadiriwa kuwa iliua watu kama 30,000 kati ya 150,000 wa wilaya ya Dodoma kati ya 1917 na 1920. Vituo vya reli vilikuwapo, waya ulikuwapo, treni zilikuwapo. Hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kupokea kilio cha kijiji na kukijibu.

Jambo hilo halikuwa la Ugogo peke yake. London, mji uliojaa simu, ulijifunza somo lake Novemba 1935, nyumba ya mtaa wa Wimpole ilipoungua na wanawake watano wakafa. Jirani alikuwa ameinua simu kuwaita zimamoto, lakini wito wake ukakaa kwenye foleni ya mitambo pamoja na simu za kawaida. Malalamiko yakafika gazetini na bungeni, na tarehe 30 Juni 1937 namba 999 ikaanza kutumika. Namba ile ilikuwa na maana moja kubwa: wito wa hatari usisubiri zamu na simu za salamu, na uwe na mtu aliyewekwa kwa ajili yake. Naona huu ndio moyo wa huduma yoyote ya dharura. Magari huja baada ya hapo.

Mwaka uliofuata, 1938, daktari Mwaustralia Paul White aliwasili hospitali ya Mvumi, kama kilomita 40 kutoka Dodoma mjini. Alikaa hadi 1941, na vitabu alivyoandika baadaye kuhusu kazi ile vilisomwa na watoto wa nchi nyingi. Hospitali kama Mvumi ilikuwa mlango ulio wazi, na mlango hauendi kumfuata mgonjwa. Mgonjwa alipaswa kuletwa, na aliyeletwa ni yule ambaye ndugu zake walikuwa na nguvu za kumbeba na muda wa kuacha shamba. Aliyefia njiani hakuingia kwenye daftari la hospitali, na kwa hiyo hakuingia kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Baada ya vita ya pili kukaja redio na ndege. Mwaka 1957 madaktari watatu wapasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, walianzisha huduma ya madaktari warukao ambayo leo ni Amref, na hospitali za misheni zilizokuwa mbali zikaanza kuunganishwa kwa redio na Nairobi. Katika nyanda zetu, MAF, shirika la ndege la kimisheni, liliweka ndege zake ndogo Dodoma na kutua kwenye viwanja vya udongo vilivyofyekwa na wanavijiji. Waliookolewa kwa njia hiyo ni wengi, na kazi ile inastahili heshima. Hata hivyo mwenye redio alikuwa daktari wa misheni au mganga mkuu. Mama aliyekuwa mwendo wa siku moja kutoka kwenye redio alibaki na yowe lake lilelile.

Serikali ya uhuru ilijaribu kulijibu swali kwa upande wa pili: badala ya kumpeleka mgonjwa kwenye huduma, huduma na watu viwekwe karibu. Mwaka 1970 na 1971 Operesheni Dodoma iliwahamisha Wagogo wengi kutoka kwenye tembe zao zilizotawanyika hadi vijiji vya ujamaa, miaka michache kabla ya operesheni za nchi nzima. Watu walipoteza mengi katika kuhama kule, mashamba ya mbolea na malisho ya karibu yakiwamo, na wazee bado wanaweza kuyataja kwa majina. Walichoahidiwa ni shule, maji na zahanati. Zahanati zilijengwa, na polepole chanjo na dawa ya malaria zikawa kitu cha kutembelea kwa miguu. Lakini zahanati haina chumba cha upasuaji wala damu ya kuongeza. Ilimpokea mama, ikamtambua kuwa yuko hatarini, ikamwandikia barua ya rufaa. Barua ile ilikuwa kweli tupu kuhusu hali yake, na haikuwa na magurudumu. Tarehe 1 Oktoba 1973 Dodoma iliamuliwa kuwa makao makuu ya nchi, na bado miaka mingi baadaye barua za rufaa ziliendelea kusubiri lori la mnada.

Asubuhi ya Jumatatu, 24 Juni 2002, treni ya abiria yenye watu zaidi ya 1,200 ilishindwa kupanda mlima eneo la Igandu, mashariki ya mji wa Dodoma. Ikarudi nyuma bila breki, kasi ikaongezeka, ikagonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Ni moja ya ajali mbaya zaidi za reli katika historia ya Afrika, na ilitokea katika mkoa ambao kwa uamuzi wa 1973 ulikuwa tayari makao makuu. Katika ajali ya namna hiyo, porini, mikono ya kwanza kufika huwa ya abiria walionusurika na ya wakulima wa jirani. Simu za mkononi zilikuwa bado mali ya mijini. Taifa liliomboleza siku zile, na liliomboleza kwa haki. Mimi nimekuwa nikifikiri pia juu ya wale ambao Igandu yao hutokea mmojammoja, mwezi hadi mwezi, bila bendera kushushwa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Minara ya simu ikapanda kwenye vilima. Katika muda wa miaka kumi hivi, mchungaji wa ng'ombe Bahi alikuwa na simu mfukoni, na M-Pesa, iliyoanza Tanzania mwaka 2008, ikamwezesha kutuma na kupokea fedha pasipo benki. Ukazaliwa utaratibu wa dharura ambao hakuna aliyeuandika: kumbipu shemeji aliye mjini, kutafuta namba ya mwenye gari, kupatana bei mama akiwa amelala sakafuni, kuchangisha, kuuza mbuzi usiku kwa bei ya aibu. Habari sasa ilisafiri vizuri kuliko wakati wowote katika historia ya Ugogo. Kilichoua ni mazungumzo ya bei. Mwenye gari hakuwa mtu mbaya; aliondoka na mafuta yake, na alijua kwamba familia ikifiwa njiani hataweza kuidai.

Watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine waliandika mwaka 1994 kwamba vifo vya uzazi hutokana na ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kuifikia, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Kanda ya Ziwa ndiko ucheleweshaji wa pili ulikotafutiwa dawa. Kuanzia mwaka 2013, huko Sengerema na Shinyanga, taasisi ya kampuni ya simu ya Vodafone, ikishirikiana na serikali na mashirika ya Pathfinder na Touch Foundation, ilijaribu wazo rahisi. Magari ya wagonjwa hayatatosha kamwe, lakini karibu kila kata ina mtu mwenye gari. Mtu huyo asajiliwe, apatane na halmashauri bei ya safari mapema, aitwe kwa simu, na alipwe kwa simu mara tu mgonjwa anapofikishwa. Familia isiulizwe chochote. Mfumo huo ndio ulioitwa m-mama.

Tarehe 6 Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua kitaifa, na uzinduzi ulifanyika hapa Dodoma. Ukaenea mikoa yote ya Bara na Zanzibar. Inafaa kuueleza hatua kwa hatua, maana wengi wanaijua namba na hawajui kinachotokea baada ya kuipiga.

Namba ni 115, na haitozi. Anayepiga anaweza kuwa mume, mama mkwe, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, au nesi wa zahanati anayetaka kutoa rufaa. Mfumo unawahusu wajawazito, waliojifungua ndani ya siku 42, na watoto wachanga hadi siku 28. Simu inapokelewa katika kituo cha uratibu cha mkoa, ambacho kwa kawaida kimo ndani ya hospitali ya rufaa, na aliyepo pale usiku na mchana ni mhudumu wa afya aliyefunzwa.

Tuseme simu inatoka upande wa Farkwa, wilaya ya Chemba, saa nane usiku. Mratibu anauliza: mimba ina miezi mingapi, uchungu umeanza lini, damu inatoka, amepata degedege, anaongea? Majibu anayaingiza kwenye programu inayomsaidia kupima uzito wa hali na kujua ni kituo kipi kinachoweza kuimudu. Hapa pana uamuzi mgumu kuliko unavyoonekana. Kituo cha karibu si lazima kiwe kituo sahihi. Mama anayetokwa damu nyingi akipelekwa mahali pasipo damu ya kuongeza, amepoteza saa mbili alizokuwa nazo. Mratibu akishaamua, anatafuta gari la wagonjwa lililo huru. Lisipokuwapo, au likiwa mbali, anampigia dereva wa jamii aliye karibu zaidi. Kisha anapiga simu ya tatu, kwenye kituo kitakachompokea, ili chumba kiandaliwe na daktari aamshwe. Simu hii ya tatu haionekani, na kwa maoni yangu ndiyo iliyo bora kuliko zote, kwa kuwa inaanza kuukata ule ucheleweshaji wa mwisho kabla mgonjwa hajatua.

Dereva akifika, mhudumu wa kituo anathibitisha kwamba mgonjwa amepokelewa, na malipo yaliyokokotolewa kwa umbali yanaingia kwenye simu ya dereva. Fedha hiyo inatoka halmashauri. Ndiyo maana nasema mfumo huu umejibu maswali yote matatu ya mwanzo kwa wakati mmoja. Redio ilijibu moja. Zahanati ilijibu nusu. Hata gari la wagonjwa, likiwa halina mafuta uani mwa hospitali ya wilaya, halijibu lolote.

Kuna ugumu ambao programu haiumalizi. Mpigaji aliyeshikwa na hofu huzungumza lugha ya nyumbani, na mkoa huu una Kigogo, Kirangi, Kisandawe, Kiburunge na Kimasai. Majina ya vitongoji hujirudia. Mwaka uleule wa 2022, kabla ya sensa, serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi, na vibao vikasimama hata vijijini. Lakini usiku wa giza mtu hutaja mbuyu, lambo, kanisa, au nyumba ya balozi, na dereva wa jamii anaelewa kwa sababu amekulia palepale. Hilo ni jambo la zamani lililorudi kwa manufaa. Katika yowe, aliyeita na aliyeitikia walijuana. Katika 115, mratibu aliye mjini hawajui, ila dereva anamjua baba wa mgonjwa na anajua korongo lipi limejaa.

Yapo pia maeneo ambayo mtandao haushiki, hasa mabondeni, ambako mtu hulazimika kupanda kilima ndipo apige. Ziko barabara zilizobadilika kabisa: kufikia 2018 safari ya Dodoma hadi Babati na Dodoma hadi Iringa ilikuwa ya lami, na kwa Kondoa hilo lilipunguza saa nyingi. Tatizo limebaki kwenye kilomita kumi na tano za mwisho, za mchanga na mifereji, kati ya lami na kitongoji.

Kuhusu mafanikio, nataka tuwe waangalifu na tarakimu. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya kina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Ni kushuka kwa kushangaza, na mara nyingi husemwa katika sentensi moja na m-mama. Lakini utafiti wa 2022 ulifanyika kati ya Februari na Julai, ukianza hata kabla ya uzinduzi wa kitaifa, na maswali yake yalihusu miaka iliyotangulia. Sifa ya punguzo lile iende kwanza kwenye mamia ya vituo vya afya vilivyopewa vyumba vya upasuaji tangu 2017, na kwa wauguzi waliokwenda kufanya kazi humo. Namba 115 ilikuta vituo hivyo vipo. Bila vyumba vile, mratibu angekuwa na gari na hana mahali pa kulipeleka.

Na bado huduma hii ni ya baadhi. Mtoto wa miaka sita aliyeumwa na nyoka Mpwapwa, kijana wa bodaboda aliyevunjika paja barabara ya Morogoro, mzee aliyepooza upande mmoja usiku, hawa hawamo katika mpango wa m-mama. Kwao ziko 112 ya polisi na 114 ya zimamoto na uokoaji, vyombo vyenye watu hodari na magari machache, yaliyowekwa zaidi mijini. Majeruhi wa ajali bado hubebwa na gari la kwanza litakalosimama, amekunjwa kiti cha nyuma, shingo ikining'inia, na wapo ambao madhara yao makubwa yalipatikana ndani ya gari hilo la wema. Utaratibu upo, waratibu wapo, madereva wamesajiliwa, njia ya malipo imethibitika. Kuupanua uwapokee majeruhi na watoto ni suala la bajeti na mafunzo, na sioni sababu ya msingi ya kutofanya hivyo ndani ya kizazi hiki.

Madiwani wa Dodoma, Singida na kwingineko wanapopitisha bajeti za halmashauri, fungu la kuwalipa madereva wa jamii linakaa kati ya mistari mingi na ni rahisi kulipunguza. Wasilipunguze. Dereva asiyelipwa mara mbili hataamka mara ya tatu, na hakuna programu itakayomwamsha. Wewe msomaji, kama nyumbani kwenu kuna mjamzito, andika 115 ukutani kwa mkaa kama huna kalamu, mfundishe mtoto mkubwa kuipiga, na mkubaliane mapema mtamtajia mratibu alama gani ya mahali. Dalili ya hatari ikionekana, damu, degedege, kichwa kuuma sana, uchungu uliopitiliza, piga wakati huohuo.